Kilio cha Kumpokea Mama

Kwa karibu mwaka mzima, mtoto wa dada yangu alikuwa akimpokea mama yake kwa kilio.

Dada yangu huuza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Huondoka kabla jua halijachomoza, akangoje magari yanayoleta maziwa kutoka upande wa Bura, na hurudi Maghribi na jerikeni zake tupu zimefungwa pamoja kwa kamba, zikigongana mgongoni. Mlio wa jerikeni hizo ulikuwa unafika kabla yake. Mtoto akiusikia aliinuka popote alipo. Dada akisukuma geti, mtoto alipiga yowe moja refu, kisha akajitupa chini, kisha akatafuta kitu cha kuuma. Mara nyingi kitu hicho kilikuwa mkono wangu.

Alikuwa na miaka sita, msichana mwembamba mwenye nyusi nzito za baba yake, ambaye ni dereva wa lori njia ya Rhamu na huja nyumbani kama mvua, siku mbili halafu kimya. Mtoto hakuwa na maneno. Alikuwa na sauti, na mimi nilizijua zote: ile ya kiu, ile ya kukerwa na inzi, ile ya furaha inayofanana na mlango usiotiwa mafuta. Meno yake pia niliyajua. Hata kwenye joto la Januari nilivaa mikono mirefu, na watu walidhani nimezidi kushika dini.

"Mtoto wangu hanitaki," dada alisema jioni moja baada ya swala. Mtoto alikuwa amelala tayari, amechoka na vita vyake. "Watoto wa wenzangu wanakimbilia mama zao waone wamebebewa nini. Wangu akiniona ni kama ameona fisi."

"Hajui kusema tu, abaayo, dada yangu."

"Kuuma anajua."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anakunja leso yake vizuri sana, pembe kwa pembe, kama mtu aliyekwisha kata shauri.

"Barabara ikikauka nitampeleka Hulugho kwa mama. Kule kuna nafasi. Apige kelele mbuzi wasikie."

Mama yetu anaishi nje ya Hulugho, karibu na mpaka, na mbuzi wake na magoti yake mabaya. Mtoto huyu alikuwa akikimbia bila kuangalia nyuma. Hapa tulikuwa na geti. Kule geti ni upeo wa macho. Nilimwona akilini anakimbia kwenye vichaka vya miiba, na mama anamwita kwa jina asiloliitikia, na jua linazama. Nilisema tu, "Mama hawezi kukimbia," na dada akajibu, "Hata mimi siwezi tena."

Mchana kutwa mtoto alikuwa na mimi. Kwetu dada mdogo wa mama huitwa habaryar, yaani mama mdogo, na mimi nilikuwa mama mdogo huku sare yangu ya shule bado inaning'inia kwenye msumari. Niliacha masomo kidato cha pili kwa muhula mmoja tu, mtoto atulie kidogo. Muhula huo haujaisha mpaka leo.

Lakini sikuwa mtu wa huzuni. Nilikuwa na redio. Si ya kununua, redio ilikuwa mimi mwenyewe. Nikipika anjera asubuhi nilishika mwiko karibu na mdomo nikasoma habari: "Wasikilizaji wapenzi, makorongo watatu wamefanya mkutano juu ya paa la jirani, na ajenda haijajulikana. Punda wa maji amegoma mbele ya msikiti. Hali ya hewa: kama jana." Nilijiona nimekaa kwenye chumba chenye kioo, na vipokea sauti vikubwa masikioni, na watu wa Wajir na Mandera wananisikiliza wakinywa chai. Msikilizaji wa kweli alikuwa mmoja. Alikaa sakafuni akizungusha kifuniko cha jerikeni kama pia, na mara moja moja, nikifika kwenye hali ya hewa, alicheka.

Wasichana niliosoma nao walikuja kuniona mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya pili mmoja wao aliumwa begani. Hakukuwa na mara ya tatu, na siwalaumu. Nilijua saa wanayopita wakitoka chuoni, nikawa najipangia kufagia karibu na geti saa hiyo. Wakinisalimia nilikuwa na mazungumzo ya kutafuna mpaka jioni. Wasiponisalimia nilifagia tu. Hakuna ua uliokuwa safi kama wetu.

Kwenye ploti yetu kulikuwa na vyumba vitano na bibi mmoja mwenye ploti, ambaye sote tulimwita ayeyo, yaani nyanya. Ayeyo alikuwa na sheria moja: mtoto haachwi alie. Kwetu mtoto akilia ni wa kila aliyemsikia, na mtu mzima wa kwanza kumsikia huleta kitu, sukari, tende, chochote. Ukimwacha alie, watu watauliza huyo mtoto hana watu? Kwa hiyo ayeyo alitembea na biskuti ndani ya garbasaar yake, ule mtandio mkubwa wa mabegani, zimefungwa kwenye fundo, na mtoto akianza tu, fundo lilifunguliwa.

Tulifika kliniki kwa sababu ya kipaji cha uso. Mtoto alikigonga ukutani siku moja mpaka kikapasuka kidogo, nikampeleka hospitali kwa tuktuk. Muuguzi aliyemfunga kidonda aliona alama za meno pale mkono wa nguo yangu ulipopanda, akanielekeza kwenye chumba cha mwisho, kwa dada mmoja anayeshughulika na tabia za watoto. Alikuwa mtu wa bara, mnene kidogo, mwenye viatu vya raba na subira ya mwenye duka asiye na haraka ya kufunga. Watu wote walimwita daktari. Yeye kila mara alisema, "Mimi si daktari," na wao wakasema, "Sawa, daktari."

Aliniuliza, "Anauma wakati gani?"

"Kila wakati."

"Kila wakati hakuna. Hata simba ana saa zake. Kuna kitu kinatangulia, kuna anachofanya yeye, kuna kinachofuata. Wewe unajua kuandika?"

Niliposikia hivyo nilinyooka mgongo. Ilikuwa zamani mtu hajaniuliza kama najua kitu.

Alinipa daftari la kurasa arobaini na nane, akapiga mistari miwili kwenye kila ukurasa, zikawa sehemu tatu: kabla, alichofanya, baada. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu yeye Kisomali hajui, na pia kwa sababu Kiswahili ndicho nilichofundishwa kuandikia. Kurasa za kwanza zilikuwa aibu. "Kabla: hakuna. Alichofanya: alilia sana. Baada: alinyamaza." Alizisoma bila kucheka, akasema, "Hii ni taarifa ya mazishi. Niambie nani alikuwa wapi, ameshika nini, amesema nini. Kama unamhadithia mtu ambaye hakuwepo."

Hapo nikaelewa. Kumhadithia mtu ambaye hakuwepo ndiyo kazi ya redio. Kuanzia siku hiyo niliandika kila kitu. Upepo ulikuwa unatoka wapi. Nani alipita na mkokoteni. Ayeyo alikuwa amefikia punje ya ngapi kwenye tasbihi.

Wiki ya tatu yule dada wa kliniki alikuja nyumbani kutuona. Dada yangu alikuwa sokoni. Ayeyo aliletewa kiti, akakaa katikati ya ua kama hakimu, na kwa kuwa mgeni hakujua Kisomali, ayeyo alitoa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe daktari, mtoto hii hana ugonjwa. Mtoto hii iko na njaa ya tamu. Akilia, mimi nabatia biskuti, ananyamaza. Dawa yangu iko haraka kushinda yako."

"Na kesho, ayeyo?"

"Kesho analia tena."

"Na wewe?"

"Mimi iko na biskuti ingine."

Alisema hivyo kwa fahari kabisa. Mgeni aliinamisha kichwa, akasema biskuti ya ayeyo ni tamu na moyo wa ayeyo ni mtamu zaidi, ila mtoto amekwisha jua bei yake, na bei ni yowe. Mimi nilicheka kule jikoni, nikaziba mdomo kwa leso. Nilimwona ayeyo kama mtu anayechota maji kwa kikapu. Nilijiona mimi ndiye msomi wa ploti.

Siku tano baadaye nilirudi kliniki na daftari limejaa. Yule dada wa kliniki alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikitembea, na mtoto amekaa chini ya meza anazungusha kifuniko. Kisha akarudi nyuma, akaanza kukunja pembe za kurasa fulani. Alikunja nyingi.

"Hizi zote ni Maghribi," alisema. "Nisomee hii."

Nikasoma. "Kabla: mama yake aliingia getini na jerikeni sita. Alichofanya: alipiga yowe, akajitupa, akaniuma mkono wa kushoto. Baada: nilimbeba mgongoni nikampeleka dukani kuona taa."

"Na hii."

"Kabla: mama yake aliingia getini. Alichofanya: alipiga yowe, akavuta leso ya ayeyo. Baada: nilimbeba nikampeleka dukani kuona taa."

"Kule dukani mnaona taa tu?"

"Na biskuti moja." Kisha nikaongeza, "Siku nyingine mbili."

"Kwa nini unamtoa?"

"Ili dada apate kuoga na kuswali. Akiingia ananuka moshi na maziwa yaliyochacha. Hapendi kusimama na mtu kabla hajaoga."

Jerikeni za maziwa hufukizwa kwa moshi wa kuni ndani, maziwa yasiharibike njiani, na moshi huo hukaa kwenye nguo za wauzaji hata ukifua.

"Kwa hiyo akiingia anampita mtoto?"

"Anaenda bafuni. Akimaliza kuswali ndiyo anamtafuta."

"Na wakati huo mtoto yuko wapi?"

Alikuwa dukani na mimi. Siku zote alikuwa dukani na mimi.

Akafungua ukurasa mwingine, ambao haukukunjwa. Nilikuwa nimeuandika bila kuufikiria: "Ijumaa asubuhi. Mama yake alichelewa kutoka, alikuwa anafukiza jerikeni. Hakulia. Alikaa ameegemea mgongo wa mama mpaka moto ukazimika."

"Huyu mtoto hamkatai mama yake," alisema polepole. "Siku nzima anamngoja. Mama anafika, anampita. Anapiga kelele, na wewe unatokea na mgongo na taa na biskuti. Amejifunza vizuri sana. Hukukosea peke yako, na hukukusudia. Lakini mama yake lazima aje hapa. Hili silifanyi na wewe."

Nilitoka pale jua limesimama wima. Nilimcheka ayeyo kwa biskuti, na mimi nilikuwa na duka zima.

Sasa niseme jambo ambalo sikuliandika kwenye daftari. Nilikaa siku nne bila kumwambia dada. Nilijiambia amechoka, nilijiambia nangoja Ijumaa. Ukweli ni kwamba Maghribi ile ilikuwa yangu. Mtoto anayewauma watu wote alikuwa anapanda mgongoni kwangu, anaweka shavu kwenye shingo yangu, tunatembea kando ya barabara na vumbi limekuwa jekundu, na watu wakituona walisema, huyo ana habaryar yake. Nilikuwa na mtu mmoja duniani aliyenichagua, na sasa naambiwa labda alichagua biskuti. Nani angekimbilia kuipeleka habari hiyo? Pale dukani nilimshusha, nikawa natazama kisogo chake wakati anatazama taa, na nikamwambia, "Wasikilizaji wapenzi, leo hatuna taarifa."

Siku ya nne dada alirudi na begi. Begi dogo la kitambaa, jipya, na ndani blanketi la mtoto na kandambili za kukulia. Alisema dereva mmoja anayekwenda Hulugho amemwambia barabara inapitika, na ataondoka baada ya wiki mbili. Alilitundika begi kwenye msumari, juu ya sare yangu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tunafukiza jerikeni pamoja, yeye anashika mdomo wa jerikeni juu ya moshi na mimi napepea. Nikamwambia yote. Nilianza na ayeyo na biskuti, ili iwe hadithi ya kuchekesha, lakini nilipofika kwangu sauti ilinitoka vibaya. Nilimsomea zile kurasa, kwa sababu yeye hajui kusoma, na nikamfasiria neno kwa neno.

Moshi ulimwingia machoni na hakusogea.

"Siku ngapi umejua?"

"Tano."

"Na mimi nimenunua begi."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima nimekuwa nikichelewa sokoni makusudi," alisema. "Maziwa yameisha saa kumi, nakaa tu pale na jerikeni tupu. Nasema akilala ndiyo niende. Nikidhani namhurumia." Akaisukuma jerikeni pembeni. "Wewe ulikuwa unamtoa kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nachelewa kwa ajili yake. Sasa huyo mtoto alikuwa na nani?"

"Na mimi," nilitaka kusema, nikaendelea kupepea.

Jumatatu alimwachia mwenzake maziwa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, maana jua la saa nne halimsubiri mtu, na tukaenda kliniki watatu. Yule dada wa kliniki hakumlaumu. Alimwuliza kwanza kama amekula. Mimi nilikuwa mkalimani, na ni kazi ngumu kutafsiri maneno yanayokutoa nyumbani kwako. Mama akifika asiende bafuni. Akae kizingitini na jerikeni zake. Mtoto akija bila kuuma, amkaribishe kwa sauti na kwa mkono, ampe kifuniko, amwache anuse, aonje povu lililobaki. Akiuma au akipiga yowe, mama ajikinge na mto, asiseme neno, asiondoke. Akitulia hata kwa pumzi tatu, hapo amwite. Biskuti, hapana. Duka, hapana. "Na habaryar," alisema akinitazama, "asionekane. Awe nje ya geti mpaka aitwe."

Nilitafsiri mpaka neno la mwisho. Sikupunguza.

"Itazidi kabla haijapungua," aliongeza. "Mkikata tamaa katikati, atajifunza kwamba yowe refu ndilo linalolipa."

Dada alikuwa na swali moja tu, nalo lilikuwa la swala. Maghribi ni fupi. Yule dada wa kliniki alisema hilo hawezi kulijibu yeye. Aliyelijibu ni ayeyo, nyumbani, tulipomweleza. "Ulikuwa unaoga kwa sababu ya nini? Maziwa si najisi. Moshi si najisi. Sokoni kuna maji na kuna mahali pa wanawake. Swali huko, uje na harufu yako. Mtoto wa ngamia anamjua mama yake kwa pua." Nilimtazama ayeyo kwa macho mapya siku hiyo. Kisha akaongeza kwamba biskuti yeye hataacha, na nikarudi kwenye macho ya zamani.

Siku ya kwanza nilisimama nje ya geti, nimeegemea mabati ambayo yalikuwa bado na moto wa mchana. Nilisikia jerikeni zinapita karibu yangu, dada hakunitazama. Geti likafungwa. Kisha yowe. Nililijua yowe lile kama ninavyojua jina langu, lakini sikuwahi kulisikia kutoka nje. Ukiwa nje ni refu zaidi. Lilipanda, likakatika, likaanza upya, na katikati yake nilisikia anagonga ndani ya geti kwa viganja. Alikuwa ananitafuta.

Ayeyo alitoka kwa mlango wake wa upande, mkono kwenye fundo.

"Nipishe."

"Ayeyo, hapana."

"Wewe una moyo wa jiwe. Mtoto analia na wewe umesimama hapa kama askari wa benki."

"Askari analipwa, ayeyo. Mimi nasimama bure."

"Basi toka kazini, upite mtu mwenye huruma."

"Ukimpa leo tunaanza upya kesho. Nakuomba."

Alinitukana kidogo, matusi mepesi ya kibibi, kuhusu ndoa na nani atamchukua msichana kama mimi. Kisha akakaa kwenye jiwe, akatoa biskuti, akazila yeye mwenyewe moja baada ya nyingine kwa hasira.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu yowe lilibadilika. Lilishuka, likawa sauti ndogo ya kukauka koo, ile sauti ya kiu, na mimi miguu yangu haikuniuliza. Nilifungua geti nikaingia. Dada alikuwa kizingitini ameshika mto, mkono wake unavuja damu kidogo karibu na kidole gumba. Mtoto aliponiona alinyoosha mikono yote miwili.

"Toka," dada alisema.

"Ana kiu, abaayo. Hiyo ni sauti ya kiu."

"Nimekuambia toka. Niache na mtoto wangu."

Hakuwahi kusema neno hilo hivyo, mtoto wangu. Siku zote lilikuwa kama mtu anayetaja deni. Nilirudi nyuma, nikafunga geti mwenyewe. Mikono ya mtoto ilikuwa bado imenyooka. Niliiona kwenye ufa mpaka ufa ukaisha. Nikatembea hadi mwisho wa barabara, mahali tuktuk zinapogeukia, nikasimama na watu wasionijua. Nililia kwa namna ambayo mtu akipita anadhani una vumbi. Niliporudi dada alikuwa amempa maji. Alikuwa ameielewa ile sauti, au alikumbuka nilivyosema.

Siku ya sita nilisikia kimya. Kilio kifupi, kisha kimya, kisha mlio wa kifuniko kinazunguka sakafuni, na dada anasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa wadogo, "Haye, hooyo. Haye, haye," yaani sawa, mwanangu, sawa. Ayeyo alikuwa karibu yangu. Tulitazamana. Hakunitukana.

Siku zote hazikuwa hivyo. Kuna siku aliuma, kuna siku mbili baba yake alipokuja tukarudi nyuma kama gari kwenye matope. Lakini wiki mbili za dereva zilipotimia mtoto alikuwa akisikia jerikeni na kwenda mwenyewe kukaa kizingitini, magoti pamoja, akingoja, mwili wote unatetemeka kwa kujizuia. Mimi nilikuwa nikichungulia kabla ya kutoka. Sijaona mtu mzima anayejitahidi namna ile.

Dereva wa Hulugho alipita asubuhi ya safari, akapiga honi. "Abiria wangu yuko wapi?"

Dada alikuwa amechelewa kutoka makusudi amngoje. "Hapa hakuna abiria," alimjibu. "Mpelekee mama chai na sukari, na umwambie mjukuu wake anamsalimia kwa meno machache."

Dereva hakuelewa, akacheka tu, akaondoka. Lile begi dada alilishusha, akatia leso za sokoni ndani yake. Nilifurahi mpaka nikaisomea ploti nzima taarifa ya asubuhi, ayeyo akiwa mgeni wa heshima.

Mchana mtoto bado ni wangu. Tunapika, tunafagia, hali ya hewa bado ni kama jana. Lakini Maghribi sina kazi, na sikujua mtu anafanya nini na Maghribi isiyo na kazi. Mara ya kwanza nilipita dukani, mwenye duka akauliza, "Leo bila mzigo?" nikanunua kiberiti nisichokihitaji. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi kiasi cha kuniudhi. Siku nyingine nilikutana na wale wasichana wa chuo, tukasimama kidogo, wakasema nimekonda, nikasema ni joto, halafu mazungumzo yakaisha, kwa sababu mimi nilikuwa na hadithi za mtoto mmoja tu na wao walikuwa na hadithi za watu wengi.

Juzi nilirudi mapema kuliko kawaida. Walikuwa bado kizingitini, dada na nguo zake za moshi, mtoto ameegemea mgongo wake. Mtoto aliniona, akanitazama vizuri, hakuinuka. Kisha aliweka kiganja sikioni, akakisugua mara mbili. Nilimsogelea nikamtazama sikio kama kuna mdudu.

"Sikio halina kitu," dada alisema. "Ni usingizi. Akifanya hivyo anataka kulala. Hukujua?"

Nilitafuta kichwani, sauti zote, kurasa zote.

"Sikujua," nikasema, nikaingia ndani kumtandikia.